Kosa Walilomnyang'anya Mjomba

Mjomba wangu alikuwa fundi rangi, na usinichekee, maana wengi mnadhani mtu yeyote mwenye brashi ni fundi rangi. Wapo wanaopaka ukuta kama wanampaka mtoto mafuta, huku tope, huku pakavu. Mjomba alikuwa anapita ukingoni mwa dirisha bila kubandika utepe wala gazeti. Anabana pumzi, mkono unatembea, kioo kinabaki safi, halafu anashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. Kucha zake hazikuwahi kuwa za rangi moja. Mama yangu, ambaye ni dada yake, alikuwa anamwambia kwamba siku akipotea hatutapeleka picha yake polisi, tutaeleza kucha.

Alikuwa anaishi kwetu, chumba cha uani. Mke aliwahi kuwa naye, akaondoka akisema amechoka kulala na harufu ya tapentaini. Mjomba alikuwa anahadithia hilo huku anacheka, kwa hiyo sijui lilimuuma kiasi gani. Hakujaliwa mtoto. Labda ndiyo maana watoto wa watu walikuwa wanamzoea kirahisi. Kila jengo alilofanya kazi, baada ya siku chache utakuta katoto kamekaa ngazini kanamtazama, na yeye anakaonyesha jinsi rangi mbili zinavyozaa ya tatu.

Hilo jengo ninalotaka kulisema lilikuwa ghorofa la zamani, wapangaji kila mlango. Kampuni aliyofanyia kazi mjomba ilipewa kupaka ngazi, korido na milango kwa upande wa nje. Milango yenyewe ilikuwa na rangi juu ya rangi, nene kama ganda la mkate. Rangi ya namna hiyo huing'oi kwa kukwangua tu. Unaipaka kwanza dawa ya kuibandua, na mafundi wenyewe wanaiita maji makali. Ukiyaona ni maji. Hayana rangi yoyote. Ukiyagusa yanateleza kama sabuni, halafu baadaye ndiyo unajua umegusa nini.

Sasa hapa nisikilize vizuri. Maji makali yanakuja kwenye dumu kubwa, na dumu huwezi kulipandisha ngazi kila ukihama mlango. Kwa hiyo mafundi, na siyo mjomba peke yake, wote, wanamimina kwenye chupa ya maji ya kunywa, wanatoboa kifuniko kwa msumari, wanakamua kidogokidogo pale panapotakiwa. Na ili mwenzao asije akajisahau akanywa kwa kiu, wanafunga kitambaa shingoni mwa chupa. Chupa yenye kitambaa hainywewi. Hilo kila fundi analijua, hata aliyeanza kazi jana. Hakuna aliyeliandika popote, na hakuna fundi aliyewahi kukosea.

Ghorofa ya juu kabisa kulikuwa na mama mmoja anayeshona nguo chumbani kwake, na binti yake ambaye hata shule alikuwa bado. Mafundi walimpachika jina la Kasuku, kwa sababu neno lolote ulilosema alilirudisha vilevile. Brashi ikimponyoka fundi akatoa tusi, Kasuku naye anatoa tusi hilohilo, kwa sauti nzuri kabisa. Mama mtu anachomoza na rula yake ya kupimia kitambaa, na mafundi wote wanageukia ukuta kama watu wanaosali. Mjomba akirudi jioni, kabla hajanawa, anatuambia leo Kasuku kasema nini.

Wapangaji wa lile jengo walikuwa walalamishi. Harufu, vumbi, ngazi imeziba njia, na simu kwa mwenye jengo kila siku. Bosi akaja asubuhi moja akawakusanya mafundi chini, akawaambia mpangaji akiomba kakitu kadogo mfanyieni, mradi anyamaze, maana mtu uliyemsaidia hawezi kukupigia kelele. Wote walisikia. Ndipo yule mama mshonaji akamwomba mjomba ambandulie rangi upande wa ndani wa mlango wake, ulikuwa umevimba kwa rangi hadi haufungi. Upande wa ndani haukuwa kwenye kazi ya kampuni. Mjomba akasema haina neno, atautengeneza wakati wenzake wanakula.

Akapanda na chupa. Akaupaka mlango nusu ya juu, akaona chuma chake cha kukwangulia amekisahau chini. Akaiweka chupa kizingitini, akashuka. Mama yuko kwenye cherehani, kaupa mlango mgongo, anashindana na mkanda wa suruali ya mtu. Kasuku akaiona chupa imefungwa kitambaa shingoni kama mwanasesere, ina kitundu kwenye kifuniko. Mtoto yeyote angefanya alichofanya. Aliinyonya.

Mjomba alikuwa anasema kitu kilichomshtua siyo kilio. Yuko ngazini anapanda, akasikia sauti ya cherehani imekatika katikati ya mshono. Hakungoja kusikia kingine, akaanza kukimbia.

Alimbeba yeye mwenyewe hadi barabarani, akajirusha mbele ya gari la kwanza, dereva akataka kumtukana, akaona mdomo wa mtoto, akafungua mlango. Hospitali walimwokoa. Hilo nalisema mapema ili usikae roho juu. Kasuku hakufa. Lakini koo liliungua lote, na daktari akamweleza mama kwamba koo likiungua linapona kwa kovu, na kovu linabana kama kamba. Mtoto akawa anapitishiwa chakula kwa mpira tumboni. Ile sauti ikaenda. Ikabaki pumzi tu yenye maneno ndani yake.

Mjomba alikuwa anakwenda hospitali kila jioni, anakaa kwenye benchi la nje, hathubutu kuingia wodini. Watu wanapita wanampa pole, wanamwambia ajali haina kinga. Hiyo methali ilimchosha kuliko matusi. Kuna jirani yetu, mtu wa watu, alimwambia hivyo mara ya pili au ya tatu, mjomba akamjibu taratibu, "Hii ilikuwa na kinga, ndugu yangu. Ningeondoka nayo mkononi, basi."

Yule mama alipata wakili, msichana mdogo tu, ofisi yake iko juu ya duka la magodoro, unapanda ngazi unapishana na watu wamejitwisha magodoro kichwani. Akamwita mjomba, nami nikamsindikiza kwa sababu siku hizo alikuwa anavuka barabara bila kuangalia. Nilikwenda na hasira zangu. Nilijua wanataka kumfunga mjomba wangu, na nilikuwa nimejiandaa kupindua meza.

Wakili akasema hakuna anayefungwa. Hii siyo kesi ya jinai, ni kesi ya madai, ya kudai fidia ya madhara. Mtu anapofanya kazi ya hatari karibu na watu wengine, ana wajibu wa kuwaangalia wasidhurike. Akizembea, anawajibika kwa hasara yote, na fidia kazi yake ni kumrudisha aliyeumizwa pale alipokuwa kabla hajaumizwa, kadiri pesa inavyoweza.

Mjomba akauliza pesa inaweza kufika wapi. Wakili akakiri kwamba haifiki mbali. Italipa hospitali, italipa zile safari za kupanuliwa koo, maana litapanuliwa tena na tena hadi akue. Lakini nani alipe? Hapo ndipo akamtazama mjomba machoni.

"Baba, nikikushtaki wewe nitakukamua nini, brashi? Mwenye bima ni kampuni. Sheria inasema mwajiri anabeba kosa la mfanyakazi wake kama limefanyika ndani ya kazi. Wao watasema hukuwa kazini, ulikuwa unamfanyia mama wa watu hisani zako wakati wa chakula. Ukisimama pale mbele ukasema kosa ni langu peke yangu, utajisikia umeungama, na mtoto hatapata kitu."

"Kwa hiyo nimsingizie bosi?"

"Useme kilichotokea. Aliwaambia muwasaidie wapangaji, hakuwaambia?"

"Alituambia."

"Basi hilo ndilo la kusema. Mengine kaa nayo."

Tulipotoka mjomba alikaa kwenye ngazi katikati, wabeba magodoro wanamruka. Nikamwambia mjomba, mbona hii ni habari nzuri, hulipi wewe. Akaniangalia kama nimesema upuuzi, na kweli nilikuwa nimesema upuuzi. Alisema alikuwa ameshapanga. Alitaka asimame mahakamani, mama wa mtoto yupo, aseme ni mimi, kisha hakimu amwambie cha kufanya. Hata wangemwambia afanye kazi mpaka mwisho wa maisha yake kwa ajili ya yule mtoto, angefanya, na angelala. Sasa wanamwambia anyamaze.

Kesi ilichukua muda mrefu, inatajwa, inaahirishwa, sitakuchosha. Siku ya mjomba kusimama, wakili wa bima alikuwa mwanamume mnene, mpole, ana sauti ya kubembeleza. Mtu mpole wa namna hiyo ndiye wa kuogopwa. Akamuuliza kama mlango wa ndani ulikuwa kwenye kazi ya kampuni. Mjomba akasema hapana. Je, aliyemwomba ni bosi? Hapana, ni mama. Je, ulikuwa ni moyo wake mwema tu? Ukimsikiliza utadhani anamsifu. Akamsogezea na kamba ya kujinyongea, akasema bila shaka fundi, wewe ni mtu mwadilifu, unajua kabisa kwamba kosa hili ni lako.

Hilo ndilo neno alilokuwa akilitafuta toka siku ile, na mtu anampa kwenye sinia. Yule mama amekaa benchi la mbele anamkodolea. Mjomba akashika ile mbao ya kizimbani, kucha zake zina rangi ya maziwa siku hiyo, akasema, "Bosi alituambia tuwasaidie wapangaji ili wasilalamike. Nilikuwa natimiza neno la bosi."

Mama wa Kasuku alifumba macho. Nilikuwa upande ule, niliona. Alichosikia yeye ni mwanamume anajificha nyuma ya mwanamume mwingine.

Mjomba akataka kuongeza kitu. Akaanza, mheshimiwa, mimi ninachotaka kumwambia huyu mama, na hakimu akamkata, kwa upole tu, ajibu alichoulizwa. Akashuka.

Mwenzake mmoja, tunamwita Kamba kwa sababu ndiye anayening'inia nje ya majengo, naye aliitwa, akathibitisha neno la bosi. Alipoulizwa na wakili wa bima kama haogopi kusema uongo mahakamani, akasema yeye anaogopa vitu viwili, mafundo mabaya na mkewe, na mahakamani haoni hata kimoja. Watu walicheka kidogo. Mjomba hakucheka.

Hukumu hakimu aliisoma kwa sauti kavu. Bima walijitetea kwamba chupa ilikuwa na kitambaa, alama ya hatari. Hakimu akasema onyo ni onyo kwa yule tu anayeweza kulielewa, na alama wanayoijua mafundi wenyewe kwa wenyewe siyo onyo kwa mtoto. Walisema mama alizembea kumwangalia mwanawe. Hakimu akasema uzembe wa mama, kama upo, hauwezi kupunguza haki ya mtoto, na mtoto wa umri ule hawezi kulaumiwa kwa kuwa mtoto. Na kuhusu mlango wa ndani, akasema hisani ile ilifanywa kwa faida ya mwajiri na kwa neno lake, kwa hiyo ilikuwa ndani ya kazi. Kampuni inawajibika. Fidia ilipwe.

Jina la mjomba lilitajwa mara moja tu mwishoni, kwamba alikuwa mfanyakazi. Mimi nilitaka kurusha ngumi hewani. Tumeshinda, nikamwambia. Yeye akabaki amekaa hadi mlinzi alipokuja kufunga madirisha.

Nje bosi alikuwa anaongea na wakili wake wa bima, wanacheka kuhusu jambo jingine. Nilitaka kumfuata. Bosi akanitangulia, akaja mwenyewe, akampiga mjomba bega, akamwambia yamekwisha, bima italipa, Jumatatu kuna jengo jipya. Hakumfukuza hata kazi. Pochi yake haikuguswa, jina lake halikuguswa, ameshasahau. Ningeelewa kama angekuwa amekasirika.

Mjomba akampita, akamfuata yule mama aliyekuwa anashuka ngazi za mahakama na mkoba umebanwa kwapani. Mimi nilikuwa nyuma yake hatua mbili tatu, kwa hiyo nilichosikia nilisikia.

Alimwita dada. Akamwambia amesema vile ili mtoto apate matibabu, lakini yeye anajua ni nani aliyeiweka chupa pale. Akasema, "Niambie nifanye nini. Lolote. Nipangie."

Yule mama hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

"Hakimu amesema ni kampuni. Mimi nasema ni wewe." Akashuka ngazi moja. "Na mimi ndiye niliyekuomba. Sasa ukija kwangu, fundi, mtoto atakuwa anatazama watu wawili waliomuumiza. Usije. Ndilo hilo nakupangia."

Mjomba akaitika ndiyo, mama. Wakaachana.

Jumatatu alikwenda kazini, kwa sababu angekwenda wapi. Lakini hakuwa yuleyule. Alikataa chupa kabisa, akawa anapandisha dumu zima mgongoni, ghorofa kwa ghorofa, wenzake wanamtania kwamba anabeba mimba nyuma. Akimwona mtoto ngazini anamfukuza, yeye aliyekuwa chanda na pete na watoto, anamfukuza kwa sauti mbaya hadi wazazi wanagombana naye. Ukingoni mwa madirisha mkono haukutembea tena. Akawa anabandika utepe kama wanaojifunza. Mwisho akaacha mwenyewe, akabaki chumba cha uani, anapaka viti vya majirani bure.

Jioni moja, tulikuwa tunamenya viazi na mama, mjomba akasema peke yake tu, kama anaendeleza mazungumzo ya jana, "Mtu akiiba, anafungwa, anatoka, amemaliza. Mimi hata kosa langu wamenichukulia. Wamelipa wao. Niende wapi nalo?" Mama akamwambia ndugu yangu, umeshasamehewa na sheria. Akasema hakusamehewa, amerukwa.

Miaka ikapita, kifua chake kikaanza kukoroma, kile kifua cha mafundi rangi. Akawa anakwenda hospitali ileile kuchukua dawa. Siku moja alirudi mchana, mimi nilikuwa nimekaa uani natengeneza redio ya mtu, akaniita chumbani kwake. Akakaa kitandani na viatu, mama angeona angemuua.

Alikuwa amekaa kwenye foleni ya dawa, akaja msichana mkubwa kidogo, sare za shule, skafu shingoni, akakaa kiti cha pembeni yake. Msichana akamsalimia shikamoo, kwa ile sauti ya pumzi. Mjomba akajua kabla hajageuza shingo.

Alikuwa anasubiri mama yake aliyekwenda kuchukua kadi. Anaongea, mjomba akasema, anaongea vilevile, haachi, sauti tu ndiyo haipo, lazima uiname umsikie. Amemwambia habari za shule, mwalimu wa hesabu ananuka vitunguu, kesho wana mashindano ya kukimbia na yeye atakimbia. Amekuja kupanuliwa koo, amezoea, siyo kitu. Mjomba akashindwa kujizuia, akamuuliza koo lilipatwa na nini.

Akaniambia jibu lake kwa kunong'ona, kama anamwiga. "Hakuna kilichonipata, babu. Mama anasema nilizaliwa hivi."

Mjomba akamwambia, sawa mwanangu, wapo wengi wanaozaliwa hivyo. Akainuka akaacha foleni, dawa hakuchukua, maana mama mtu alikuwa anatokea mwisho wa korido.

Damu ilinipanda kichwani. Nilisimama na bisibisi yangu mkononi. Nikasema huo ni uongo gani, mtoto ana haki ya kujua, kuna hukumu, iko mahakamani imeandikwa, kampuni ililipa, watu walisimama kizimbani, leo mtu mmoja anaamka asubuhi na kufuta kila kitu, kwamba hakuna aliyefanya, hakuna kilichotokea, alizaliwa hivyo. Nikasema nakwenda sasa hivi, watakuwa bado pale kwenye foleni, na nitamwambia yule binti kila kitu mbele ya mama yake.

Mjomba aliinuka akanipita, akafunga mlango wa chumba kwa ufunguo, akaurudisha mfukoni, akakaa chini, mgongo umeegemea mlango. Mzee yule, kifua kinapiga filimbi. Ningeweza kumwinua kwa mkono mmoja.

"Kaa," akaniambia. "Toka siku ile naomba nipangiwe kitu. Leo nimepangiwa. Ninyamaze."

Nikamwambia yule mama hajui hata kama yeye mjomba alikuwepo pale kwenye foleni. Akasema ndiyo, hajui.

Nikakaa kitandani. Kulikuwa na joto, dirisha dogo, harufu yake ya miaka yote. Nje mama aliita kwamba chakula tayari, akaita tena, akaja akagonga, akauliza mnafanya nini humo ndani mchana kweupe. Mjomba akamwambia kupitia mlangoni kwamba tunakuja, dada, tunaongea kidogo. Alikaa pale sakafuni hadi alipokuwa na hakika foleni ya hospitali imekwisha na watu wamekwenda makwao, ndipo akanipa mkono nimwinue.